Mtunzi Si Safu ya Hiari

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, kisha nikaenda nyumbani Voi kupumzika. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika kuhusu muziki, na nitaandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Ijumaa moja nilipanda matatu kutoka Voi kwenda Wundanyi. Tulipopita Mwatate, pale gari linapoanza kupanda kona za milima, dereva akaweka "Malaika". Redio ya gari ilikuwa ya kisasa, ina kioo kinachoonyesha jina la wimbo na msanii. Kioo kikaandika: Malaika, Boney M. Kijana aliyekaa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe hii ni ya Boney M! Mimi nilidhani ni ya Miriam Makeba." Mama mmoja nyuma yangu akamjibu, "Ni ya Makeba, hao wengine waliiga tu." Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, ni ya Makeba.

Hebu fikiria. Gari limejaa watu wa Taita Taveta, linapanda milima ya Wadawida, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938 katika eneo hili hili, na ambaye kabila lake limeandikwa ndani ya jina lake.

Nilitaka kufungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufanya kosa la aina hiyo, tena kazini, tena kwa kulipwa. Nikanyamaza mpaka Wundanyi. Leo nayasema yote.

KASETI ZA BABA

Mimi husikiliza muziki karibu muda wote. Nikiandika msimbo lazima masikioni kuwe na kitu. Nikiwa natafuta hitilafu ngumu naweka rumba, kwa sababu gitaa la rumba halina haraka na mimi pia sitakiwi kuwa na haraka. Kazi ya kurudiarudia inataka benga. Usiku wa manane, wakati seva inakataa kuwaka na mteja anapiga simu kila dakika kumi, humrudia Daudi Kabaka na twisti zake. "Helule Helule" imeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. (Wimbo huo nao ulisafiri: mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza iliurekodi ukapendwa sana kule.)

Mazoea haya nimeyarithi. Baba alikuwa na sanduku la kaseti alizozirekodi kutoka redioni, nyingi zikiwa za enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Deki ilikuwa juu ya kabati, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Nilipokuwa Voi safari hii nililishusha sanduku lile nianze kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza.

Ndani ya kila kaseti kuna karatasi. Baba aliandika kwa kalamu ya Bic, herufi ndogo ndogo: jina la wimbo, mwimbaji, na pale alipomsikia mtangazaji akimtaja mtunzi, akaandika "mtz." na jina. Alipokuwa hajui, aliweka alama ya kuuliza. Na kuna nyimbo chache ambazo watangazaji wawili walitaja watunzi wawili tofauti. Hapo baba aliandika majina yote mawili, akapiga mkwaju katikati.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Nimesomea sayansi ya kompyuta miaka minne. Nimefundishwa usanifu wa hifadhidata na profesa mwenye miwani minene. Na mzee huyu, kwa kalamu na karatasi, alikuwa na mfumo unaotofautisha mambo matatu ambayo programu nyingi za muziki za leo zinayachanganya: mtunzi anayejulikana, mtunzi asiyejulikana, na mtunzi anayebishaniwa.

KESI YA MALAIKA

Turudi kwa Fadhili William. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi "Malaika" akiwa na Jambo Boys, kisha akawa mmoja wa nguzo za Equator Sound Studios ya Nairobi, pamoja na kina Daudi Kabaka. Baada ya hapo wimbo ukatoka nje ya mikono ya Wakenya. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutoa katika albamu yao ya pamoja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Hep Stars wa Sweden waliurekodi, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa mmoja wa ABBA. Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Angélique Kidjo akauweka kwenye albamu yake ya 1991. Fadhili mwenyewe aliishi Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki Nairobi mwaka 2001.

Sasa, kuwa wa kwanza kurekodi hakumaanishi kwamba ndiye aliyetunga. Najua, na msiniandikie kunikumbusha. Kuna wanaosema aliyetunga ni Adam Salim wa Tanzania, katika miaka ya 1940. Kuna wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Kuna wanaomtaja Grant Charo. Kila upande una watu wazima wanaoapa.

Leo sitaki kutoa hukumu. Mimi ni Mtaita na mnajua moyo wangu uko wapi, lakini moyo si ushahidi. Ninachosema ni kwamba ubishi huu ni sehemu ya historia ya wimbo, na mfumo wowote unaoonyesha jina la wimbo na msanii peke yake umeufuta ubishi wote kwa mkupuo. Kwenye kioo cha matatu ile Fadhili hayupo, Adam Salim hayupo, Tututu hayupo, Charo hayupo. Wote wanne wameshindwa na Boney M kwa sababu ya safu moja katika jedwali.

Na kioo hakikudanganya. Rekodi ile kweli waliimba Boney M. Kioo kilijibu swali "nani anaimba?" na abiria wakasikia jibu la "wimbo ni wa nani?" Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

BAITI 128

Ugonjwa una tarehe yake. MP3 zilipoanza kusambaa, faili lilikuwa halina mahali pa kuandika hata jina la wimbo. Mwaka 1996 ukabuniwa utaratibu uitwao ID3: unabandika baiti 128 mwishoni mwa faili. Baiti 3 za kwanza ni neno TAG. Kisha 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti 1 ya mwisho kwa aina ya muziki. Hesabu, utapata 128 kamili.

Umemwona mtunzi? Hayupo. Hakuna baiti hata moja kwa ajili yake.

Ile baiti moja ya aina ya muziki nayo ni kichekesho. Ilikuja na orodha ya aina 80, kuanzia 0 hadi 79. Polka ina namba yake, 75. Techno ina namba. Hata mizaha ya kurekodiwa ina namba yake, 23. Benga haipo. Taarab haipo. Rumba haipo. Ngoma ya mwazindika ya Wadawida, ambayo mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, utaiweka wapi? Namba 48, imeandikwa "Ethnic", yaani ya kikabila. Kana kwamba polka haina kabila!

Simlaumu aliyebuni. Alikuwa anatatua shida yake kwa nyimbo alizokuwa anasikiliza yeye. Toleo la pili lilikuja mwaka 1998 likaleta nafasi ya mtunzi, na nafasi ya mwandishi wa maneno pia. Kwa hiyo tangu mwaka 1998 hatuna kisingizio cha kiufundi. Lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Waandishi wa programu tulishazoea kwamba wimbo ni kichwa, msanii, albamu, mwaka. Tukayabeba mazoea hayo kutoka kwenye MP3 za kuwekewa kwenye flashi pale stendi hadi kwenye huduma za kutiririsha muziki tunazolipia kila mwezi. Baadhi yake zina ukurasa wa majina ya waliochangia, lakini uko chini ya vitufe vitatu, na ukifika mara nyingi unakuta mtupu.

WIMBO SI REKODI

Kwa wale wasio waandishi wa programu, nieleze kitu kimoja tu cha msingi, mkikielewa mtakuwa mmeelewa makala yote.

Kuna vitu viwili. Kuna KAZI, yaani utunzi wenyewe: sauti na maneno, hata kama haijawahi kurekodiwa. Na kuna REKODI, yaani siku fulani, studio fulani, mtu fulani aliimba. Kazi moja inaweza kuwa na rekodi mia. "Malaika" ni kazi moja. Ya Fadhili ni rekodi, ya Makeba ni rekodi, ya Boney M ni rekodi. Ulimwengu wa muziki unajua hivyo, ndiyo maana kuna namba mbili za kimataifa: ISRC kwa rekodi na ISWC kwa kazi. Anayetengeneza jedwali moja liitwalo "nyimbo" na kuvijaza vyote humo amechanganya nyumba na picha ya nyumba.

Na hapa hela inaingia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 muda wake umekwisha. Lakini kazi hulindwa mpaka miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Fadhili alifariki mwaka 2001. Ikiwa yeye ndiye mtunzi, ulinzi unaendelea hadi mwisho wa mwaka 2051. Ikiwa ni mwingine, tarehe inabadilika na familia inayostahili inabadilika.

Mmeona? Kwa nyimbo za zamani kama hizi, kilichobaki na thamani kisheria ni utunzi. Na utunzi ndiyo safu tuliyoiacha tupu.

Afrika Kusini walijifunza jambo hili kwa uchungu. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wimbo ulipovuma Marekani kwa jina la "Wimoweh", kwenye nafasi ya mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Paul Campbell hakuwa mtu! Lilikuwa jina la kubuni. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia maelewano ya kisheria mwaka 2006, baada ya kesi iliyoihusu kampuni ya Disney. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kisanduku cha fomu ni jambo dogo.

DHAMBI YANGU

Sasa nifike pale nilipoahidi. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ndogo ya kutengeneza programu ya kupangia nyimbo kwa kituo kidogo cha redio. Sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Walinipa diski yenye nyimbo 412: kwaya, bendi za zamani, nyimbo za Kidawida na Kisagalla zilizorekodiwa shuleni na makanisani. Nikatengeneza jedwali langu: kichwa, msanii, albamu, mwaka, mtunzi. Nilimweka mtunzi, msidhani nilisahau. Lakini hifadhidata ilikuwa inakataa safu tupu na mimi nilikuwa na siku mbili tu. Nikaandika mstari mmoja wa msimbo: kama mtunzi hayupo, weka neno "Asilia".

Nikaenda zangu kulala. Asubuhi nyimbo 300 na kitu zilikuwa za asili.

Miezi kadhaa baadaye niko Voi, baba akaniambia kuna mgeni wangu sebuleni. Nikakuta mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya bibi yangu, ametoka juu milimani na matatu ya asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba, akanywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Kisha akaniuliza kama ni mimi niliyetengeneza kompyuta ya kile kituo. Nikasema ndiyo, nikijisikia fahari, nikidhani amekuja kunipongeza.

Akasema, "Mwanangu, kuna wimbo wa kwaya niliutunga mwenyewe, nikawafundisha watoto wa shule, tukaenda nao mashindano. Juzi redio imeupiga, mtangazaji akasema ni wimbo wa asili wa Wataita, mtunzi hajulikani. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Sasa nataka unieleze, mimi bado sijafa, nimekuwa asili lini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kumweleza habari za safu tupu. Nikajisikia nikizungumza, nikanyamaza.

Akaendelea, wala hakuwa na ukali. Akasema yeye amefundisha nyimbo za asili miaka mingi, anazijua, anajua aliyemfundisha kila moja na kijiji ilikotoka. Katika mashindano ya shule, akasema, wimbo wa asili na utunzi mpya ni vitengo viwili tofauti, na mwalimu anayevichanganya anaondolewa. "Hata watoto wa darasa la nne wanajua tofauti hiyo," akasema. Kisha akatoa kwenye mkoba daftari la shule lililochakaa, lina wimbo wake kwa maandishi ya solfa, na tarehe.

Jioni hiyo hiyo nilimrekebishia wake. Lakini nyingine 300 je? Nani mwingine alikuwa anasonga ugali akajisikia ametangazwa kuwa asili?

Ndipo nilipoelewa uzito wa lile neno. "Asilia" si sawa na "sijui". Ukisema "sijui", umeacha mlango wazi, mtu anaweza kubisha hodi na daftari lake. Ukisema "asilia", umefunga na kuweka kufuli: wimbo hauna mwenyewe, yeyote achukue. Mimi nilitoa hukumu hiyo kwa nyimbo 300 kwa mstari mmoja wa msimbo, bila kuusikiliza hata mmoja.

Na nyimbo za asili zenyewe hazitendewi haki na neno hilo likiwa peke yake. Mwazindika si ya "Afrika", ni ya Wadawida. Ina wapigaji, ina mahali, ina sababu ya kuchezwa. Kuandika "Asilia" bila jamii, bila mahali, bila jina la kikundi kilichopiga siku ile, ni uvivu uliovaa shuka la utamaduni.

WATAKAOBISHA

Nawajua wadau wangu. Nawajibu mapema.

"Watumiaji hawajali nani alitunga." Si kweli. Matatu nzima ilikuwa inabishana wimbo ni wa nani! Watu wanajali sana, ila wanaulizia pale walipopewa jibu, na jibu walilopewa ni msanii tu. Ungeweka mtunzi kwenye kioo kile, ubishi ungekuwa ule ule, lakini wangebishana kuhusu Fadhili na Adam Salim badala ya Makeba na Boney M.

"Mtunzi akibishaniwa, bora kuacha tupu tusiingie kesi." Huu ni woga wa kupokea taarifa. Hifadhidata haitoi hukumu, inahifadhi. Baba yangu aliweka mkwaju kati ya majina mawili na hakuna mahakama iliyomwita. Tengeneza jedwali la madai: kazi ipi, nani anadaiwa kuitunga, nani anasema hivyo, lini, ushahidi gani. "Malaika" inapata mistari minne. Mistari minne ya maandishi haifiki hata kilobaiti moja, na picha ya jalada unayoipakia bila kufikiri ni kubwa mara mia.

"Hela yenyewe ni ndogo." Inawezekana. Kwa mwalimu yule hela haikutajwa hata mara moja. Alipanda gari kushuka milima kwa sababu ya jina. Ila pia msisahau kwamba mgao wa mirabaha hutegemea orodha ya nyimbo zilizochezwa. Asiye na jina kwenye orodha hawezi hata kulalamika kwamba amelipwa kidogo.

"Lugha ndogo kama hizo mifumo haizitambui." Huyu ndiye huniudhi zaidi. Kidawida kina msimbo wake wa kimataifa wa lugha: dav. Kisagalla ni tga. Kitaveta ni tvs. Na si karatasini tu. CLDR, ile hifadhi ya taarifa za lugha inayotumiwa na mifumo ya kompyuta na simu duniani kote, ina dav-KE. Chukua Java, toleo la 9 na kuendelea, iombe majina ya siku kwa dav-KE, itakujibu Jumapili ni "Ituku ja jumwa". Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimwita mama aje aangalie. Yaani mashine inajua kusema Jumapili kwa lugha ya bibi yangu, halafu wewe kwenye fomu yako ya muziki umeweka chaguo tatu: Kiingereza, Kiswahili na "Nyingine". Hapo mashine haina kosa.

BASI TUFANYE NINI

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Haya ndiyo ninayopendekeza, kwa kila mtu na nafasi yake.

Waandishi wa programu: tenganisheni kazi na rekodi tangu siku ya kwanza. Ni majedwali mawili na la tatu la kuyaunganisha na watu, likiwa na safu ya jukumu: mtunzi, mwandishi wa maneno, mwimbaji, mpiga gitaa. Wekeni hali tatu tofauti: hajulikani, anabishaniwa, ya jamii (na jamii itajwe). Msiweke neno lolote la kujazia lenye maana. Kama hujui, alama ya kuuliza inatosha. Mimi niliirekebisha ile programu ya redio bila malipo. Ilinichukua jioni mbili. Jioni mbili tu, wakuu, kwa kitu nilichokuwa nimekiita hakiwezekani.

Vituo vya redio na kwaya: mkirekodi, semeni mwanzoni mwa rekodi, kwa sauti, kabla ya wimbo: jina la wimbo, mtunzi, kikundi, mahali, tarehe. Lebo za faili hupotea likigeuzwa kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Sauti haipotei.

Wasikilizaji: mkinunua au kuwekewa faili, fungueni lebo zake mjaze mtunzi. Kuna MusicBrainz, hifadhi huria ya taarifa za muziki iliyoanza mwaka 2000, inayotenganisha kazi na rekodi kama inavyotakiwa, na mtu yeyote anaweza kujisajili na kurekebisha. Dakika kumi kwa wiki. Anza na wimbo unaoupenda kuliko zote.

Na ulizeni wazee sasa. Kila mtu ana sanduku la kaseti nyumbani, au shangazi aliyeimba kwaya. Wanaojua nani alitunga nini hawapo kwenye seva yoyote. Wako Wundanyi, wako Sagalla, wako Taveta, na hawatakaa milele.

Mimi bado nazihamisha kaseti za baba. Nimefika ya kumi na saba. Kila wimbo naujazia lebo kama alivyoandika yeye, na alama zake za kuuliza nimeziacha kama zilivyo. Kwenye "Malaika" aliandika Fadhili William, kisha mkwaju, kisha nafasi tupu, kama mtu aliyekuwa anangoja kusikia jina la pili redioni.

Siku nyingine nikiwa kwenye matatu ya Wundanyi na wimbo ule ukapigwa, sitanyamaza. Nitamgusa yule kijana bega nimwambie, kaka, huo wimbo una hadithi ndefu, na inaanzia hapa hapa.

Tuonane wiki ijayo, nitarudi kwenye mambo ya seva.